Amri Inapofika Mezani: Google Kule China, Rezo Huku Goma

Asubuhi ya tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kupiga kura, mama mmoja muuza vitenge pale Birere, hapa Goma, alinikabidhi simu yake. "Mutoto yangu, angaliaka hii telefone. Rezo haiko," yaani mtandao haupo. Alikuwa amemtumia mteja wake wa Butembo picha nne za vitenge vipya, na chini ya kila picha kilikaa kile kialama cha saa, kidogo, cha kijivu, kinachoonyesha kwamba ujumbe bado haujatoka. Nilizima simu, nikaiwasha. Nikatoa kadi, nikaifuta kwa ncha ya shati, nikairudisha. Kile kisaa hakikubanduka. Tukajaribu simu ya jirani yake mwenye laini ya kampuni nyingine, mambo yakawa yaleyale. Hapo tukaelewa kwamba simu haikuwa na kosa.

Kuanzia siku hiyo Kongo ilikaa kama siku 20 bila intaneti. Ujumbe mfupi wa simu nao ulizimwa, na matangazo ya RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, yakakatwa. Barnabé Kikaya bin Karubi, mshauri wa Rais Kabila, alieleza kwamba matokeo ya uongo yalikuwa yameanza kusambazwa mitandaoni na serikali ilitaka kulinda utulivu. Yule mama hakungoja maelezo. Kufikia jioni ya siku ya pili alikuwa na laini ya Rwanda, iliyoandikishwa kwa jina la shemeji yake anayeishi Gisenyi, na alikuwa amesimama karibu na Petite Barrière, kivuko cha mpaka kati ya Goma na Gisenyi, mkono mmoja umeinua simu juu, akitafuta mawimbi ya upande wa pili. Picha zikaondoka. Akafurahi, nami nikafurahi naye. Baadaye tu nilijiuliza: mazungumzo yake yote na wateja wake sasa yanapita wapi, chini ya jina la nani, na ni serikali gani yenye ufunguo wa mlango huo?

Swali hilo ndilo linalonirudisha kwenye mjadala ambao ulimwengu wa teknolojia umekuwa ukiuzungusha kwa zaidi ya miaka 15: kampuni ya kigeni inapokuta serikali ya nchi fulani inadukua wateja wake, au inaitaka ichuje wanachosoma wananchi, ifanye nini? Ipambane na kuondoka, au itii na kubaki? Kila upande una watu waungwana na hoja nzito. Nimezipima kwa muda mrefu, na nasema mapema ninaposimama: swali la kuondoka au kubaki linawahusu zaidi wenye kampuni. Sisi tunaotumia huduma zao linatuhusu swali jingine. Amri ikishafika mezani, na kabla haijatekelezwa, kampuni inamwambia nani, inadai karatasi gani, na imehifadhi nini juu yetu kinachoweza kuchukuliwa?

Tuanze na kisa ambacho kila mtu hukitaja. Tarehe 12 Januari 2010 Google ilitangaza hadharani kwamba katikati ya Desemba 2009 iligundua shambulio kubwa dhidi ya mifumo yake, lililotokea China, na kwamba wamevamiwa pia makampuni mengine yasiyopungua 20. Wavamizi walikuwa wakitafuta akaunti za Gmail za watetezi wa haki za binadamu wa China. Google ikasema haitaendelea kuchuja matokeo ya utafutaji kwenye google.cn, huduma iliyoifungua Januari 2006 ikiwa imekubali kuchuja. Tarehe 22 Machi 2010 ikaanza kuwapeleka watumiaji wa China kwenye tovuti yake ya Hong Kong, isiyochujwa. Serikali ya China ilikanusha kuhusika na udukuzi, ikasisitiza kwamba kila kampuni inayofanya kazi nchini mwake inapaswa kufuata sheria zake.

Kuna jambo moja ndani ya tangazo lile ambalo watu hulipita haraka. Google ilisema kwamba wavamizi walifika kwenye akaunti mbili tu kupitia mifumo yake, na hata huko waliona taarifa za akaunti na vichwa vya barua, si barua zenyewe. Lakini iligundua pia kwamba akaunti za makumi ya watetezi wa haki, walioko Marekani, China na Ulaya, zilikuwa zinaingiwa mara kwa mara bila Google kuvunjwa popote. Waliingiliwa kwa chambo: ujumbe wa uongo unaokuomba neno la siri, au programu mbovu iliyopandwa kwenye kompyuta ya mwenyewe. Yaani mwizi alipitia kwa mwenye nyumba, akiwa amevaa sura ya rafiki. Kwa mtu wa Goma anayepokea kila siku viungo vya "msaada wa shirika fulani, jaza fomu hapa", habari hiyo ina uzito kuliko ugomvi wote wa Google na Beijing.

Upande wa wanaotaka kampuni ipambane una jambo la kuonyesha. Mara tu baada ya tangazo lile Google iliifanya Gmail yote itumie njia iliyofungwa kwa kufuli la https tangu mwanzo, bila mtumiaji kuomba. Aprili mwaka huohuo ikaanza kuchapisha idadi ya maombi ya serikali ya kutaka taarifa za watumiaji au kuondoa maudhui. Mwaka 2012 ikaanza kuwaonya watumiaji inaowashuku kuwa wanalengwa na wadukuzi wa serikali. Mtu wa Katindo, hapa Goma, aliyefungua barua pepe mwaka 2010 alipata kufuli lile bila kujua kwamba sababu yake ilikuwa watu fulani waliovamiwa upande wa pili wa dunia. Kampuni ilipokubali kusema hadharani "tumeingiliwa", ilijilazimisha kujenga ukuta ambao uliwafaa wengi wasiohusika na ule ugomvi.

Tena, ukimya nao una historia yake. Mwaka 2004 mwandishi wa habari wa China, Shi Tao, alituma nje kwa akaunti ya Yahoo maelekezo waliyopewa wanahabari kuhusu namna ya kushughulikia kumbukumbu ya mauaji ya Tiananmen ya 1989. Yahoo iliwapa wakuu wa China taarifa za akaunti ile. Mwaka 2005 alihukumiwa kifungo cha miaka 10. Novemba 2007 Jerry Yang, mkuu wa Yahoo, aliitwa mbele ya Bunge la Marekani, na mama yake Shi Tao alikuwa ameketi nyuma yake. Mbunge Tom Lantos aliwaambia viongozi wa Yahoo kwamba kwa teknolojia na fedha wao ni majitu, ila kimaadili ni mbilikimo. (Sisi tunaoishi karibu na Wambuti, wanaoitwa mbilikimo, tungependa alinganishe na kitu kingine.) Yahoo haikuvunja sheria ya China. Ilitii, na mtu akaenda jela. Yeyote anayesema "kampuni ifuate tu sheria ya nchi" anapaswa kueleza anafanya nini na kisa hiki.

Sasa geuza sarafu. Wachina walipata nini Google ilipoondoka? Serikali haikulegeza uchujaji hata kidogo. Baidu, injini ya utafutaji ya Kichina iliyokuwa tayari mbele, ikatanua nafasi yake. Wasomi na wanafunzi waliokuwa wakitegemea Google wakabaki kuruka ukuta kwa VPN, programu ya kukwepa vizuizi, au kuacha. Na Google yenyewe haikukaa kwenye msimamo ule kwa moyo mmoja: Agosti 2018 ilifichuka kwamba ilikuwa inaandaa kwa siri injini ya utafutaji ya China yenye kuchuja, kwa jina la ndani la Dragonfly. Wafanyakazi wake wengi walipinga, na mwaka 2019 kampuni ikasema mradi umefutwa. Miaka minane ilitosha kwa wenye kampuni kusahau kilichowaondoa. Ndiyo maana siamini sana ushujaa wa kampuni unaotegemea hasira ya wiki moja.

Kisa kinachonikaa moyoni zaidi ni cha Myanmar, kwa sababu kinafanana na hali ya hapa kuliko cha China. Telenor ya Norway ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 18 huko wakati jeshi lilipopindua serikali tarehe 1 Februari 2021. Mwanzoni ilifanya jambo la heshima: kila amri ya kuzima iliyopokea, iliiweka kwenye tovuti yake ili watu waione. Hazikupita wiki mbili, ikasema haiwezi tena kuziweka. Kisha jeshi likaishinikiza iwashe mitambo ya kusikiliza mazungumzo. Telenor ikaona haiwezi kubaki na dhamiri yake safi, ikatangaza Julai 2021 kwamba inauza kila kitu, na Machi 2022 biashara ikakamilika, sehemu kubwa ikiishia mikononi mwa kampuni ya wenyeji. Wanaharakati wa Myanmar walikuwa wamelia wakiomba mauzo yasimame, kwa sababu pamoja na minara ziliuzwa kumbukumbu: nani alimpigia nani, lini, akiwa wapi. Kampuni iliondoka ikiwa imejinusuru yenyewe. Wateja hawakuwa na ndege ya kupanda.

Hapa ndipo ninapoona hoja ya kuondoka inachechemea. Google iliweza kuondoka China kwa kubadilisha anwani ya tovuti. Kampuni ya simu ina minara iliyochimbiwa ardhini, leseni yenye saini ya waziri, wafanyakazi wenye familia mtaani. Watu wanaobeza kampuni za simu za Kongo kwa kutii amri ya Desemba 2018 wanasahau kwamba anayepokea amri ni mkuu wa ofisi anayeweza kulala korokoroni usiku huohuo, na kwamba sheria ya mawasiliano ya 2002 iliipa serikali uwezo wa kusimamisha mawasiliano kwa sababu ya usalama wa umma. Ilikuwa si mara ya kwanza: Desemba 2011 zilizimwa SMS, Januari 2015 intaneti wakati wa maandamano dhidi ya sheria ya uchaguzi, Desemba 2016 mitandao ya kijamii, muhula wa Kabila ulipokuwa unaisha. Kampuni zilijua amri itakuja. Kosa lao kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba zilijua na hazikutuandaa.

Na serikali? Hoja yake isitupwe kando, hasa hapa Maziwa Makuu. Hatuhitaji mtu wa California kutufundisha kwamba chombo cha habari kinaweza kuua. Mwaka 1994 redio RTLM ya Rwanda ilikuwa ikitangaza watu wa kuwindwa ng'ambo ya mpaka huu huu, na Julai mwaka huo mamia ya maelfu ya wakimbizi wakamiminika Goma kwa siku chache. Wazee wa mji bado wanakumbuka barabara zilivyojaa na kipindupindu kilivyofuata. Waliokuwa na uwezo wa kuizima redio ile hawakuizima, na hilo limebaki doa. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba uhuru wa kusema hauna mpaka, namwomba aje tutembee naye mpaka Gisenyi kisha turudi. Hata leo, ujumbe mmoja wa sauti kwenye WhatsApp unaosema kabila fulani limevamia kijiji fulani unaweza kufanya vijana wa Majengo waanze kufunga barabara kabla mtu hajauliza umetoka wapi. Serikali yoyote yenye akili ingetaka mkono wake ufike hapo.

Lakini tuangalie amri ile ya 2018 ilifanya nini hasa. Haikuchagua ujumbe wa chuki na kuuacha wa vitenge. Ilizima vyote. Ilizimwa katikati ya mlipuko wa Ebola uliokuwa umetangazwa Kivu ya Kaskazini tangu tarehe 1 Agosti, wakati Beni na Butembo zikizika watu, na wakati wahudumu wa afya wakipigana na uvumi kwamba ugonjwa ule ni biashara ya wanasiasa. Beni na Butembo zilikuwa hata zimenyimwa kura, kwa sababu ya ugonjwa huohuo na ukosefu wa usalama. Uvumi haukuhitaji intaneti. Ulipanda pikipiki, ukashuka sokoni, ukaingia kanisani. Kilichozimwa ni uwezo wa mtu kuuliza. Dada yangu alikuwa Butembo mwezi ule. Siku tisa sikujua kama yu mzima, na nilichokuwa nacho ni maneno ya madereva wa magari ya mizigo waliotoka huko. Mtu anayeniambia kwamba hiyo ilikuwa njia ya kuzuia habari za uongo, namwambia sijawahi kusikia habari za uongo nyingi kama katika siku zile 20.

Kwa hiyo hoja ya usalama ni ya kweli, na amri ilikuwa mbaya. Yote mawili kwa pamoja. Kampuni inayotaka kumheshimu mteja inaweza kukubali la kwanza na bado ikakataa kutekeleza la pili kimya kimya. Inaweza kuuliza: ni maudhui gani, eneo gani, kwa muda gani, kwa saini ya nani? Katika siku zile kampuni moja ya intaneti iliwaandikia wateja wake waziwazi kwamba huduma imesimamishwa kwa agizo la serikali na haijulikani hadi lini. Watu walicheka, wakisema hiyo inasaidia nini. Mimi naona ilisaidia sana. Kampuni niliyokuwa mteja wake mimi haikusema neno. Kijana wa kabine, kile kibanda cha huduma za simu, alikuwa akituambia ni hitilafu ya mitambo, pengine ndivyo alivyoambiwa aseme, na mama yule wa vitenge alinunua mega, yaani kifurushi cha intaneti, mara mbili akidhani zile za kwanza zimeliwa. Uongo mdogo wa namna hiyo unamlipisha maskini hela mfukoni, na unamkinga mtoa amri asijulikane.

Misri ilionyesha mahali utii usio na mpaka unakofika. Mwishoni mwa Januari 2011 serikali ya Mubarak iliamuru kampuni za simu zizime, na Vodafone ikasema sheria ya nchi inaipa serikali haki hiyo na wao hawana budi kutii. Siku chache baadaye serikali ikazitumia laini zilezile kuwarushia wananchi SMS za kuiunga mkono, na Vodafone ikalalamika kwamba imelazimishwa. Malalamiko yalikuwa ya haki, ila yalichelewa. Miaka mitatu baadaye, Juni 2014, kampuni hiyo ilichapisha taarifa kuhusu matakwa ya serikali katika nchi 29 inakofanya kazi, na Kongo yetu ilikuwamo kwa sababu Vodacom ni ya kundi lake. Ilikiri humo kwamba katika baadhi ya nchi serikali zina njia yao ya moja kwa moja ndani ya mtandao, hazihitaji hata kuomba. Sentensi hiyo moja ilinifundisha kuliko hotuba nyingi za haki za binadamu.

Udukuzi ni jambo jingine, na nadhani watu hukosea wanapouweka kapu moja na kuzima mtandao. Kuzimwa unakuona: kisaa cha kijivu hakibanduki, unajua. Udukuzi haukupi hata huo. Mei 2019 WhatsApp iligundua kwamba programu ya Pegasus, ya kampuni ya Israeli iitwayo NSO Group, ilikuwa inaingizwa kwenye simu kwa kupiga tu, hata usipopokea. Simu kama 1,400 zililengwa. WhatsApp iliziba tundu, ikawaandikia waliolengwa mmoja mmoja, na Oktoba 2019 ikaishtaki NSO katika mahakama ya Marekani. Mwaka 2025 baraza la wazee wa mahakama liliamuru fidia ya zaidi ya dola milioni 167. Baadaye jaji akaipunguza hadi kama dola milioni 4, lakini akaipiga NSO marufuku ya kudumu ya kuwalenga watumiaji wa WhatsApp. Hapa kampuni haikuondoka nchi yoyote wala haikumlipisha mteja gharama ya ugomvi. Ilimwambia aliyelengwa, ikampeleka muuza silaha mahakamani. Huo ndio upambanaji ninaouheshimu kuliko wote.

Nasema hivyo nikikumbuka simu ya mama yule ikitafuta mawimbi ya Gisenyi. Vyombo vya habari viliripoti kwamba miongoni mwa waliolengwa mwaka 2019 walikuwamo wapinzani wa serikali ya Rwanda waishio Ulaya, na mwaka 2021 wachunguzi wa Amnesty International walikuta alama za Pegasus kwenye simu ya Carine Kanimba, binti wa kulea wa Paul Rusesabagina, mkosoaji maarufu wa serikali ya Rwanda. Rwanda ilikana kwamba inatumia programu hiyo. Sisemi kwamba mtu anayehangaikia vitenge analengwa na yeyote. Nasema kwamba Kinshasa ilipozima, iliwasukuma maelfu ya raia wake kwenye mtandao wa nchi jirani ambayo inaituhumu kila siku. Bukavu walifanya hivyohivyo kwa laini za kutoka Kamembe, upande wa Rwanda. Kama lengo lilikuwa usalama wa taifa, sijui ni nani aliyepiga hesabu hiyo.

Wala tusidhani kwamba ukitoka mikononi mwa serikali za huku umeingia peponi. Mwaka 2013 nyaraka zilizovujishwa na Edward Snowden, aliyewahi kufanya kazi kwa majasusi wa Marekani, zilionyesha kwamba idara ya ujasusi ya Marekani ilikuwa ikichota data kwenye nyaya zinazounganisha vituo vya Google na Yahoo. Google ilikasirika, ikaharakisha kufunga nyaya zake kwa maandishi ya siri. Yaani kampuni ileile iliyopambana na China iligundua kwamba nyumbani kwake pia kuna mtu anachungulia. Mwafrika anayeambiwa achague kati ya serikali yake na kampuni ya Marekani ana haki ya kuuliza kwa nini achague mmoja wa hao wawili.

Uganda inatupa mfano wa gharama. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ilifuta akaunti ilizosema zinaendeshwa kwa hila na watu wenye uhusiano na wizara ya habari na mawasiliano. Rais Museveni akaifunga Facebook, kisha intaneti nzima ikazimwa siku za uchaguzi. Intaneti ilirudi, Facebook ikabaki imefungwa kwa miaka. Je, Facebook ilikosea kufuta akaunti zile? Nadhani haikukosea, akaunti za bandia za serikali ni udanganyifu kama udanganyifu mwingine. Ila aliyelipa ni kijana wa Kampala aliyekuwa anauza viatu kwenye ukurasa wake, na kampuni haikuwa na neno lolote la kumwambia. Nigeria nayo iliifunga Twitter kuanzia Juni 2021 hadi Januari 2022 baada ya ujumbe wa Rais Buhari kufutwa. Yaliisha kwa mazungumzo na masharti. Kampuni kubwa zikigombana na marais, nyasi zinazoumia zina majina na wateja.

Sasa nirudi nyumbani, kwa sababu Goma ya leo imelifanya swali kuwa gumu kuliko vitabu vya sera vilivyowahi kufikiria. Tangu mwisho wa Januari 2025 mji uko chini ya waasi wa AFC/M23, na Bukavu tangu katikati ya Februari. Minara ni ileile. Leseni za kampuni zimetoka Kinshasa. Mwanzoni mwa Februari 2025 wapimaji wa mtandao wa NetBlocks waliripoti kwamba X na TikTok zimezuiwa nchini, wakati ambapo mtu wa Goma alikuwa anatafuta kujua barabara gani inapitika na hospitali gani ina nafasi. Hata Starlink, huduma ya intaneti ya setilaiti, iliyokatazwa Machi 2024 na mamlaka ya mawasiliano, kisha ikapewa leseni Mei 2025, bado kibali chake kinatoka mji mkuu ambao hauongozi mtaa ninaokaa. Mjadala wote wa China ulidhani kuna serikali moja na kampuni moja. Hapa kuna wenye sheria walio mbali na wenye bunduki walio mlangoni, na kampuni katikati, na kumbukumbu zetu za simu katikati ya kampuni.

Wengine watasema katika hali kama hiyo kampuni ifunge virago. Naelewa kwa nini, ila mtu huyo hajawahi kulala Ndosho usiku wa milio akisubiri ujumbe wa mtoto wake. Wengine watasema ibaki na inyamaze, isichokoze upande wowote. Hapo ndipo nisipokubali kabisa. Ukimya wa 2018 ulitulipisha mega mara mbili. Ukimya wa leo unaweza kumlipisha mtu zaidi ya hapo. Nataka kampuni ibaki, na ifute kumbukumbu isizozihitaji kabla mtu hajaja kuziomba, kwa sababu kisichohifadhiwa hakichukuliwi. Nataka ikatae agizo la mdomo, lije la Kinshasa au la hapa. Mwanasheria mmoja mjini aliniambia hilo ni ndoto, kwamba mwenye bunduki haandiki barua. Huenda ni kweli. Lakini Telenor iliweza kuziweka amri za wanajeshi hadharani kwa karibu wiki mbili, na hizo wiki mbili zilitosha watu kujua ni nani aliyekuwa akizima, na kubadilisha namna wanavyoongea.

Mama wa vitenge bado yuko Birere. Ana simu mbili, laini tatu, na hivi karibuni aliniuliza ipi ni salama kumtumia mtoto wake aliyeko Kinshasa picha za harusi ya jirani. Nilimwonyesha namna ya kuweka uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp. Akachagua tarakimu sita, akazirudia kwa sauti, nikamwomba asizitaje mbele ya watu. Kisha akauliza kama siku rezo ikikatika tena wataandika kwenye simu ni nani aliyekata. Nilimjibu kwamba bado hakuna kampuni iliyotuahidi hivyo.